Ahadi Isiyo na Siku

Wako vijana wetu hapa Bunia, watunzi wa programu za kompyuta, wanaodai kwamba kuwekewa siku ya mwisho ni utumwa: haraka haraka haina baraka. Sisi twawajibu: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Ilihofiwa kwamba ifikapo 1 Januari 2000 kompyuta zingeudhani mwaka 1900. Siku ile haikuweza kusogezwa, na marekebisho yaliyoahirishwa kwa miaka mingi yakafanyika.

Lakini mkubwa anayetaja tarehe bila kuuliza ukubwa wa kazi huwafundisha walio chini yake kusema uongo. Katika Injili ya Luka, mjenzi wa mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Basi mtunzi ahesabu, ataje siku yeye mwenyewe, aitimize. Akiona haiwezekani, aseme mapema. Maana nyuma ya programu yupo mtu anayengoja, labda muuguzi anayehesabu dawa kwa daftari lililochakaa. Tusimwambie “karibuni”. Tumpe siku, kwa kuwa ahadi ni deni.