JUA BWERERE, MATEGE YANATOKA WAPI?

Wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo, tuongee habari za matunda yake. Naam, watoto!

Twende kwenye nyumba yoyote ya kupanga pale Katoro, Geita, au hata kule Kahama. Vyumba vinane, choo kimoja, ua umejaa ndoo na kamba za nguo. Alfajiri baba keshaondoka kwenda duarani kusaka dhahabu, mama naye kawahi gengeni. Mtoto wa miezi minane anabaki na hausigeli, ambaye naye ni mtoto tu, anaogopa wapita njia. Komeo linapigwa kwa ndani, pazia linashushwa. Mtoto yumo ndani ya sweta, kofia na shuka mbili. Mama akirudi, jua limezama. Kesho hivyo hivyo, mpaka mwaka unakatika.

Siku anapoanza kusimama... lahaula! Miguu imepinda kama upinde. Hapo ndipo majirani wanapogeuka madaktari. "Mayu, ulimsimamisha mapema!" Mwingine: "Aah, ukoo wa baba yake ndivyo walivyo." Wa tatu ananong'ona habari za mkono wa mtu. Hakuna hata mmoja anayeuliza: hivi huyu mtoto jua kaliona lini?

Iko hivi. Mfupa unataka kalsiamu ili ukomae. Lakini kalsiamu haiingii mwilini vizuri bila vitamini D, na vitamini hiyo sehemu kubwa inatengenezwa na ngozi yenyewe ikipigwa na jua. Maziwa ya mama, pamoja na sifa zake zote, hayana vitamini D ya kutosha. Na ngozi yetu nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ya Mzungu. Hivyo mtoto wa kufungiwa ndani anapata wapi?

Wazungu walilijua hili kwa machungu, maana miji yao ya viwanda na moshi ilijaa watoto wenye matege. Mwaka 1919 kule Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto kama hao kwa taa zenye miale kama ya jua. Taa, jamani! Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, tunapewa bure. Mwaka 2012 watafiti walitangaza vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wa hapa hapa Tanzania, watu wanaoshinda nje. Vitamini D ilikuwa tele, wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Mtoto wa porini anaota jua, wa mjini anaota pazia!

Sasa sikiliza, mama kijacho na wewe baba mtu. Jua la saa moja asubuhi ni tamu, lakini miale inayotakiwa bado ni hafifu. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, bado. Kikikaribia kimo chako, kama saa nne hivi, mtoe mtoto dakika chache, mikono na miguu wazi, kichwa na macho kivulini. Usimwache aungue. Na kumlaza nyuma ya dirisha la kioo ni kazi bure, kioo kinazuia miale hiyo. Mtoto mwenye ualbino usimwanike kabisa, jua ni adui wa ngozi yake. Muulize daktari habari ya matone. Halafu usije ukambeba mtoto kwenda naye karashani au mialoni eti akaote jua. Kule kuna vumbi na zebaki!

Kuna wanaosema, "Mbona wangu alipewa matone kliniki?" Yale ya Juni na Desemba ni vitamini A, bibie. D ni kitu kingine, na wataalamu mwaka 2016 walishauri kila mtoto chini ya mwaka mmoja apate yuniti 400 kwa siku.

Akishaanza kula, uji mtupu wa mahindi hautoshi. Mpe maziwa, mpe yai, mpe dagaa wa ziwa waliosagwa wazima na mifupa yao. Kanda ya ng'ombe na samaki, halafu mtoto akose kalsiamu? Aibu!

Usikurupuke lakini. Miguu ya mtoto chini ya miaka miwili huwa imepinda kidogo, na mingi hunyooka yenyewe. Ila ukiona upinde unazidi, vifundo vya mikono vimevimba, utosi haufungi au anachelewa kutembea, hospitali haraka. Sehemu nyingine za Shinyanga maji ya visima yana floraidi nyingi, nayo huharibu mifupa, kwa hiyo daktari ndiye atakayejua chanzo. Ikiwa ni vitamini D, dawa ipo, na mtoto mdogo akiwahishwa miguu hunyooka. Ukichelewa ukizunguka kwa waganga, kitakachobaki ni kisu.

Kwa hiyo kesho kabla hujatoka, mwambie yule hausigeli: saa nne, mtoto nje. Mwachie na kiti akae naye hapo uani.

Tukijaliwa, wiki ijayo hapa hapa!