Ukiniuzia mashine, niuzie na namba zake

Haya wasomaji, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmeniandikia kuniuliza kama nimehama mtandaoni. Sijahama. Nilikuwa nimepiga magoti barazani kwa jirani yangu hapa Mjambere, rula mkononi, nikiipima mashine iliyokuwa ikitudanganya mchana kweupe. Leo nimekuja na hasira kidogo, kwa hivyo mtanivumilia.

Jirani mwenyewe ni kijana wa bodaboda. Aliuza pikipiki yake akanunua CNC ndogo ya mtumba, ile aina inayoitwa 3018. Kwa wasioijua: ni mashine ya kuchonga ya kuweka mezani, inayoendeshwa na kompyuta. Hiyo 3018 ni kipimo cha meza yake, sentimita 30 kwa 18. Ina mota tatu za kuisogeza, kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, na mota ya nne ya kuzungusha biti. Unachora kwenye kompyuta, programu inageuza mchoro kuwa amri, bodi inasoma amri mstari kwa mstari, biti inakula mbao. Mlango wa Lamu hutauchonga nayo, usidanganywe. Lakini kibao cha duka, jina la madrasa, namba ya nyumba, hayo yanawezekana, na kuna watu wanalipia. Kijana alikuwa keshaagizwa vibao kumi na viwili. Arbuni alishaipokea, na alishaila.

Muuzaji alimwambia, "Chomeka tu, inafanya kazi."

Akachomeka. Kibao cha kwanza kilitoka na maandishi ya kinyume, kama unayasoma kwenye kioo, tena yamevutwa mpaka herufi O ikawa yai lililolala. Kibao cha pili, mashine ilikwenda mpaka ukingoni ikagota, nayo bado inanguruma inataka kuendelea, kwa sababu hii haina swichi za kuizuia. Biti ikakatika. Kipande kilimpita sikioni. Miwani ya kukinga macho hakuwa nayo, na hapa nasema mara moja tu: vaeni miwani, jamani, jicho halina mtumba.

Akampigia muuzaji simu. Jibu: "Aa, hiyo inataka setapu. Setapu ni elfu tano, na uilete huku kwangu."

Mashine aliinunua elfu kumi na nane.

Akaja kwangu kwa sababu mtaani najulikana kama mtu wa kompyuta. Nami nikafanya yale ambayo watu wa programu hufanya, yaani nikailaumu programu. Usiku wa kwanza nilibadilisha draiva. Usiku wa pili nikabadilisha programu ya kutuma amri, nikalichora upya lile jina, nikaanza kusoma faili la amri mstari baada ya mstari kama natafuta mdudu. Faili lilikuwa safi kabisa. Kijana akawa ananiangalia kwa lile jicho la mtu anayepiga hesabu ya bei ya chuma chakavu kwa kilo.

Aliyetutoa ni mzee mmoja seremala, karakana yake iko ng'ambo ya njia. Alikuja kuazima waya wa stima, akasimama akatazama.

"Mwanangu, mmeipima?"

"Tupime nini, ami?"

"Ukiiambia iende kiasi fulani, inakwenda kiasi gani? Rula hamna?"

Rula ilikuwepo. Tukachora mstari kwa penseli, tukainua biti juu ili isiguse kitu, tukaiambia mashine isogee milimita 50 kulia. Ikasogea milimita 100. Kushoto.

Nilicheka mpaka nikakaa chini :-)

Maelezo yake ni haya, na yafuateni vizuri kwa sababu ndiyo kiini cha ugomvi wangu. Mota za mashine hii hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Bodi huigawa kila hatua mara 16, kwa hivyo mzunguko mmoja ni vihatua 3,200. Skurubu ndefu ya kiwandani ya 3018 husogeza milimita 4 kwa mzunguko. Gawanya: 800 kwa milimita. Hiyo 800 imeandikwa ndani ya kumbukumbu ya bodi. Lakini mtu fulani huko nyuma aliing'oa skurubu ya kushoto na kulia akatia ile inayotumika sana kwenye printa za 3D, yenye kusogeza milimita 8. Alama za spana zinaonekana wazi. Kwa skurubu hiyo namba inatakiwa iwe 400. Aliyeibadilisha lazima alikuwa anaijua, maana kwa 800 asingechonga hata kibao kimoja kikatoka sawa. Kisha kabla ya kuuzwa, kumbukumbu ikafutwa ikarudishwa ya kiwandani. Na ule ukinyume? Mota ya upande huohuo imeungwa waya kwa kugeuzwa, na kuna namba nyingine ya kuiambia bodi hivyo.

Dawa ilikuwa mistari miwili:

$3=1
$100=400

Ukishaandika, bodi inazihifadhi hata stima ikipotea. Nimezihesabu, ni herufi kumi na mbili. Elfu tano kwa herufi kumi na mbili.

Sasa tuzungumze. Najua watakaonijibu, tena baadhi yao ni marafiki zangu. Watasema ujuzi ndio chakula cha fundi, kwa nini autoe bure? Nami nakubali nusu. Mtu akija kwako akakaa saa tatu akinyoosha meza, akikaza nati, akikuonyesha jinsi ya kuibana mbao isiruke, mlipe, tena mlipe vizuri, saa zake ni zake. Lakini ile 400 si kazi ya saa tatu. Ile 400 ni sehemu ya mashine, kama skurubu ilivyo sehemu ya mashine. Ukiniuzia baiskeli ukabaki na pedali, halafu uniambie pedali ni elfu tano, hapo hujaniuzia ujuzi. Umeniwekea baiskeli yangu rehani.

Na hebu tulitazame jina lenyewe. N ya katikati ya CNC ni namba. Mashine ya kwanza ya namna hii ilionyeshwa hadharani huko MIT, Marekani, mwaka wa 1952, ikisoma kanda ya karatasi yenye matundu, na wazo lote lilikuwa kwamba namba ndizo zinazoshika mpini badala ya mkono. Kwa hivyo anayeuza CNC bila namba zake anauza chuma na waya. Basi auze kwa kilo.

Linalonichoma zaidi ni hili. Programu inayokaa ndani ya bodi ya hizi 3018 kwa kawaida ni GRBL. Ilianzishwa mwaka wa 2009 na Simen Svale Skogsrud, Mnorwei, na kuanzia 2011 ikaendelezwa na Sungeun Jeon. Wameitoa bure, kwa leseni ya GPL, ambayo inasema ukimpa mtu programu hii umpe pia haki ya kupata msimbo wake. Kazi ya miaka, imebanwa ikaenea kwenye chipu yenye kilobaiti 32 tu. Nakiri leseni haisemi chochote kuhusu namba za skurubu yako. Kisheria muuzaji hana kosa. Lakini mtu kapewa jumba zima bure, na yeye anakuja kutoza watu kiingilio cha kitasa!

Kuna na wale wa "sisi pia tuliteseka, naye ateseke ndipo ajue." Hawa ndio nisioweza kukaa nao kikao. Mateso ya kijana huyu hayakumfundisha kitu. Wiki mbili alizojaribu peke yake alijifunza jambo moja tu, kwamba yeye ni mjinga, na hilo si kweli. Siku aliyoshika rula mwenyewe na kuona 50 ikitoka 100 ndiyo aliyojifunza, na alijifunza kwa dakika kumi. Sasa hivi anaweza kukufanyia hesabu ya skurubu yoyote utakayomletea: namba ya zamani, zidisha kwa umbali ulioagiza, gawanya kwa umbali uliopima. 800 mara 50 gawanya kwa 100. Hajamaliza kidato cha nne.

Na msiniambie kuficha ni mila yetu wapwani. Pale Tudor kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilianza kupokea wanafunzi mwaka wa 1951 kikiitwa Mombasa Institute of Muslim Education, na fedha za kukijenga zilitoka kwa wafadhili, Aga Khan na Sultani wa Unguja miongoni mwao, ili vijana wa hapa wafundishwe kazi za ufundi. Watu walitoa fedha zao ili ujuzi utoke, sisi leo tunaufungia kwenye simu.

Kabla hamjanirushia mawe, nijirushie la kwanza. Miaka kadhaa nyuma nilimwandikia mwenye duka moja la dawa programu ya kuhesabu shehena. Nilipomaliza nikalipwa, nikaondoka na neno la siri kichwani. Sikumwandikia popote. Kila ilipokwama alinipigia, nami nikatoza. Nilijiita mshauri. Wiki iliyopita nilimpelekea karatasi mbili, moja ina neno la siri na nyingine maelezo ya jinsi ya kuhifadhi nakala, kwa Kiswahili. Alizipokea bila kusema asante, na sikumlaumu.

Sasa wewe unayetaka kununua mashine ya namna hii, kabla hujahesabu noti, mwambie muuzaji aiunganishe na kompyuta mbele yako, aandike $$ na kubonyeza enta. Namba zote zitajipanga kwenye skrini. Zipige picha. Halafu aisogeze milimita 50 kila upande nawe upime, na uangalie kulia ni kulia. Akikataa, au akianza hadithi za setapu, rudi na fedha zako nyumbani. Na wewe muuzaji, kipande cha karatasi na gundi ya selotepu havikufilisi. Sisi ya kwetu tumeibandika chini ya meza ya mashine, imeandikwa hivi: "Skurubu ya X ni ya milimita 8, si 4. Mota ya X imegeuzwa waya. Kumbukumbu ikifutika, rudisha $100=400 na $3=1." Siku kijana akiiuza, itaondoka nayo.

Vibao saba vimekwisha, vitano bado. Cha nane kimekatizwa katikati ya herufi jana jioni, stima ilipopotea, na tunafikiria jinsi ya kurudi palepale bila kukiharibu. Kibao cha kwanza, kile cha kinyume, mzee seremala amekichukua akakitundika karakanani kwake. Anasema kinasomeka vizuri kwenye kioo cha pembeni cha matatu.

Wiki ijayo nitaandika juu ya kubana mbao, kwa sababu huko nako tumelia.