Njooni Tukae Jeevanjee

Wewe unayefanya kazi katikati ya Nairobi, mchana huu usile mbele ya kompyuta. Beba chakula chako, teremka, uingie Jeevanjee Gardens. Ukiwa Moi Avenue ni kuvuka barabara tu. Ukitoka City Market, ni hatua chache kando ya Muindi Mbingu. Humo kuna miti mikubwa na kivuli kisicholipiwa, katika mji ambao hata msalani huingii bila sarafu.

Bustani hii ni zawadi. Aliyeitoa ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda, na ambaye mwaka wa 1902 alianzisha gazeti lililokuja kuwa The Standard. Mwaka wa 1906 aliikabidhi kwa watu wa mji, na ndani yake sanamu ya Malkia Victoria. Sanamu hiyo ilivunjwa mwaka wa 2015. Sitamsifu aliyeivunja, ila sikuona matanga.

Bustani yenyewe iliponea chupuchupu. Mwaka wa 1991 ulizuka mpango wa kujenga humo maegesho ya ghorofa pamoja na maduka. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akasimama kuupinga, wakazi wakajitokeza, mpango ukafa. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Wangari Maathai alikuwa amepigania Uhuru Park isimezwe na jumba la ghorofa 60. Mnyakuzi wa ardhi haanzi na tingatinga. Huanza na maneno: pale ni pachafu, pamejaa wazururaji, hapatumiki.

Na hao wanaoitwa wazururaji ni nani? Ni kijana mwenye bahasha ya vyeti anayesubiri kupigiwa simu ya kazi. Ni mama aliyetoka kijijini asubuhi, anapumzisha miguu kabla ya kupanda matatu ya kurudi. Ni mhubiri asiye na kanisa, na wale wa Bunge la Mwananchi, wanaojadili bei ya unga na katiba kwa ukali ambao bunge lile jingine lingeuonea haya. Kaa usikilize. Ukipinga, sema, hakuna spika wa kukutoa nje.

Najua utauliza habari ya usalama. Shika simu yako kama unavyoishika kwenye matatu. Kisha fikiri: penye macho mengi mwizi hutafuta kwingine, kwa hiyo kuja kwako ni ulinzi kwa mwenzako.

Ukimaliza kula, ondoka na takataka zako. Jumamosi mlete mtoto. Nanyi wazee mliokuwapo mwaka wa 1991, mliobeba mabango au kutia sahihi, njooni mkae na hawa vijana muwasimulie ilivyokuwa, maana wengi wao wanadhani miti ile imesalia kwa huruma ya wakubwa.