Jiji la Arua na Sisi wa Ajia: Ushirika wa Daftari, Si wa Kibao



Tunaandika kutoka Ajia, upande wa Vurra, sehemu iliyobaki wilayani pale Arua ilipopandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Kwenye karatasi sisi si watu wa jiji. Lakini mihogo na maharage yetu huliwa huko, wagonjwa wetu hulazwa huko, na vijana wetu wakishamaliza darasa la saba huko ndiko wanakokwenda kutafuta maisha, wengi wao juu ya bodaboda. Kwa hiyo maji ya jiji yakikatika au mifereji yake ikiziba, hatuwezi kusema hayatuhusu.

Na jiji lenyewe limekua ghafla. Sensa ya 2014 ilikuta watu 62,657 katika manispaa ya Arua. Ilipokuwa jiji ikaunganishwa na Ayivu, na sensa ya 2024 ikahesabu zaidi ya laki tatu. Maji ya bomba bado yanatoka mto Enyau, mto ule ule ambao watu wanafulia na kutupia taka. Hakuna meya wala shirika linaloweza kuubeba mzigo huo peke yake, ndiyo maana kila mtu sasa anazungumza habari ya ushirika.

Lakini ushirika gani? Kuna ushirika wa kibao. Kibao kinasimikwa kando ya barabara kikiwa na nembo nne au tano, picha zinapigwa, soda zinanywewa. Baada ya miaka miwili pampu imekufa na hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani. Huo tumeushiba.

Upo ushirika wa aina nyingine, na Arua imewahi kuuona. Kuanzia mwaka 2010 manispaa tano za Uganda, yaani Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara, ziliingia katika mpango wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini, ukisaidiwa na Cities Alliance pamoja na wizara ya ardhi na nyumba. Jambo la maana pale halikuwa fedha. Wakazi wa mitaa duni, kupitia shirikisho lao la kitaifa, walijiwekea akiba kidogo kidogo katika vikundi, wakapita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu, vyoo na visima, kisha wakaenda kwenye jukwaa la maendeleo la manispaa wakiwa na daftari mkononi. Mama anayeuza mboga akakaa meza moja na diwani, akamwambia mtaa wetu una vyoo kadhaa tu, hesabu hii hapa. Nani atambishia?

Ndugu zetu wa Koboko nao walifanya kama hivyo. Mkimbizi anayeishi mjini nje ya Kampala huwa haonekani katika hesabu rasmi za wakimbizi, kwa hiyo shule na zahanati za mji wao zilikuwa zikipangiwa bajeti kana kwamba hayupo. Mwaka 2018 viongozi wa mji, wakisaidiwa na shirika la Kiitalia la ACAV, walihesabu wenyewe, wakakuta kwamba katika kila watu wanne wa mjini zaidi ya mmoja ni mkimbizi, wengi wao kutoka Sudan Kusini. Baadaye Umoja wa Ulaya ukafadhili mradi ulioongozwa na manispaa yenyewe, na faida yake ni kwa mwenyeji na mgeni pamoja. Hesabu ilitangulia, fedha zikafuata. Kwetu sisi huku mara nyingi watu wanangoja kinyume chake.

Wako wanaouliza, je, Muislamu ana haja gani ya kukaa vikao vya mtaa na kila mtu? Tunawakumbusha Hilf al-Fudul, lile agano la Makka nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, la kumtetea mgeni aliyedhulumiwa mali yake. Mtume (s.a.w.) alihudhuria kabla ya utume, waliokaa naye hawakuwa Waislamu, na baada ya Uislamu aliendelea kulisifu. Wazazi wa Oli, mtaa wenye misikiti mingi, wanayo haki na wajibu wa kuwamo.

Tena tunacho cha kuleta. Miradi mingi inakufa kwa kukosa fedha za matengenezo, na dawa ya ugonjwa huo dini yetu inayo tangu zamani: wakfu. Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma, watu wakachota bila kulipa. Leo kibanda kimoja cha duka pembeni ya msikiti, kodi yake ikiandikwa kuwa ni ya kutengeneza bomba la mtaa, kinaweza kuliweka bomba hilo hai miaka mingi baada ya mfadhili kurudi kwao. Bomba liwe la wote, Wakatoliki na Waanglikana wa jirani wakiwemo, na hesabu ya kodi ibandikwe mlangoni kila mwezi. Bila hesabu kubandikwa, bora tusianze.

Na jiji lisiishie kwenye mpaka wake. Majukwaa haya yakiitishwa, mkulima wa Vurra anayelilisha soko awe na kiti chake, na kina mama wasiwekwe nyuma kupika chai.

Hapa Ajia tunataka kuanza na daftari la kaya zinazozunguka kila msikiti, za dini zote: wangapi wanaishi, maji wanachota wapi, choo kipo au hakipo. Anayeweza kusaidia aje madrasani Jumamosi baada ya Adhuhuri, aje na kalamu yake.

Wassalaam alaykum.