Nyenje Waliotoroka Sanduku

Akina mama wenzetu, kwetu Bukoba mjusi kafiri huishi ukutani bila kulipa kodi, hujitafutia mbu wake mwenyewe, na hakuna anayemwuliza kama amekula. Hapa Minneapolis, Marekani, tunakoishi na watoto wetu watatu, mjusi wetu analala katika tangi la kioo lenye joto la umeme, na chakula chake tunakinunua dukani kikiwa hai. Msitucheke. Mtoto wetu wa pili aliahidiwa mjusi huyo iwapo angefanya vizuri katika masomo yake. Alifanya vizuri, nasi hatukuwa na njia ya kurudi nyuma.

Ni mjusi mwenye madoadoa kama ya chui, Eublepharis macularius, ambaye asili yake ni nchi kavu za Pakistani, Afghanistani na sehemu za jirani. Hawezi kupanda kioo kama mjusi kafiri, maana vidole vyake havinati. Tena ana kope, naye hufumba macho akilala. Akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 15 na zaidi, jambo ambalo tulilijua baada ya kulipa. Majani hali. Hutaka wadudu wanaotembea, na kwetu chakula chake kikuu kilikuwa nyenje wa nyumbani, Acheta domesticus, wanaofugwa kwa wingi na kuuzwa kwa kuhesabiwa. Bibi yao wa Bukoba alipopata habari hizo kwa simu aliuliza mara mbili: "Nyenje mnanunua? Kwa fedha?" Kisha akauliza kama wana ladha ya senene. Tulipomjibu kwamba hatujawaonja, akahamia kwenye habari za mvua.

Yaliyotupata yalitupata Januari 2023. Kijana, wakati huo akiwa na miaka 10, alileta sanduku la nyenje 100, akawatia karoti, akaliweka jikoni karibu na friji ili wasipatwe na baridi. Mfuniko haukukaza. Asubuhi tulihesabu nyenje 28.

Usiku wa kwanza tulicheka. Usiku wa tatu hakuna aliyecheka. Nyenje mmoja nyuma ya friji anatosha kukesha nyumba nzima, na baba watoto huamka saa kumi alfajiri kwenda kazini. Siku ya nne alirudi na makopo mawili ya dawa ya kupuliza, akayaweka mezani bila kusema neno. Hapo ndipo tulipokosana.

Dawa nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa pareto, lile ua linalolimwa hata kwetu Tanzania na Kenya, au kwa kemikali zilizobuniwa kwa mfano wake. Huua mdudu haraka. Lakini mijusi pia huweza kudhurika nayo, na nyenje aliyepuliziwa hafi pale pale kila mara. Huweza kutambaa hadi kwenye tangi, na mjusi akamla. Tena yapo matumbo ya friji na jiko, mahali ambapo nyenje hujificha na ambapo dawa hufika kwa shida, huku sakafu anayochezea mtoto wa miaka 6 ikilowa. Makopo yalikaa mezani hadi asubuhi, kisha yakarudishwa dukani. Baba watoto alikubali kwa sharti moja: mwezi ukiisha na kelele ipo, mjusi aondoke.

Kuna jambo jingine tunaloliandika kwa aibu. Chini yetu anaishi mama kijana mwenye mtoto mchanga. Alitusimamisha kwenye ngazi akatuuliza kama na sisi tunasikia mdudu anayelia usiku, kwa sababu kwake yupo mmoja jikoni, na alikuwa anafikiria kumwomba mwenye nyumba alete watu wa kupuliza dawa. Tulimjibu, "Tutaangalia." Hatukusema zaidi. Mkataba wetu wa kupanga unataka mpangaji atoe taarifa ya wadudu mara moja, nasi siku nne tulikuwa kimya. Tulipofika mlangoni kijana akauliza, "Kwa nini hamkumwambia kwamba ni wetu?"

Tulishuka jioni hiyo hiyo, wazazi wote wawili na kijana mbele. Tulimweleza yote. Hakutukaribisha ndani, na hatumlaumu. Alitaka kujua kama nyenje huuma mtoto, na kama wana ugonjwa wa mijusi. Tulimwambia tulichokuwa tunakijua: nyenje hawa hawana sumu, ila hutafuna nguo, karatasi na vyakula vilivyoachwa wazi, na mjusi ndiye anayeweza kubeba vijidudu vya salmonela, ndiyo maana wataalamu wa afya hapa Marekani hushauri nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5 isifuge mijusi kabisa, na mwenye kufuga anawe mikono kwa sabuni kila amgusapo mjusi au vyombo vyake. Akasema atangoja wiki moja. Mwenye nyumba, tulipompigia simu, hakuwa mpole kiasi hicho. Alisema mwezi ukiisha ataleta kampuni kwa gharama yetu, na ruhusa ya kufuga itafutwa.

Sasa tuwaeleze tulivyofanya, maana kuna aliye na mtoto au mjukuu ughaibuni ambaye yatampata haya.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba kelele hudanganya. Nyenje anayelia ni dume mzima tu, naye hulia kwa kusugua mbawa zake. Jike hana sauti, na watoto hawana mbawa. Kwa hiyo ukimkamata mwimbaji ukalala usingizi, huenda umewaacha wanaotaga. Jike utamtambua kwa mrija mwembamba kama sindano unaotokeza nyuma. Huuchoma katika udongo wenye unyevu na kuacha mayai humo. Penye joto la nyuzi 30 mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Penye ubaridi huchelewa zaidi.

Tulianza na maji. Nyenje huhitaji kunywa, basi tulikausha sinki kila usiku, tukaziba matundu yake, tukakamua vitambaa, tukakaza bomba lililokuwa likidondoka tangu Krismasi. Kisha mitego. Tulichukua chupa za jamu, tukaweka ndani kipande cha karoti na pumba kidogo, tukazungushia karatasi ngumu kwa nje ili wapate pa kupandia, tukaziegemeza ukutani karibu na friji, jiko na tangi la maji ya moto. Wakiingia, ukuta laini wa kioo huwashinda kupanda. Trei za mayai zilitusaidia vilevile: unaiacha sakafuni usiku, alfajiri unaiinua taratibu na kuikung'uta ndani ya ndoo. Karatasi za gundi tulitumia nyuma ya friji peke yake, ambako mkono wa mtoto haufiki.

Kijana aliandika hesabu katika daftari lake la hisabati. Usiku wa kwanza 19, wa pili 12, wa tatu 9, halafu wawili, halafu hakuna. Waliokamatwa tuliwafungia katika mfuko na kuwagandisha. Hatukumpa mjusi hata mmoja, kwani mdudu aliyetembea jikoni huenda amelamba sabuni au dawa ya mtu mwingine.

Dume mmoja alikataa chupa. Nyenje akisikia hatua hunyamaza, na sauti yake ni ngumu kujua inatoka wapi. Tulisimama watatu katika pembe tatu za jikoni, taa zimezimwa, kila mmoja akanyoosha kidole alikosikia sauti. Tulipowasha, vidole vilikutana kwenye mguu wa kabati. Baba watoto ndiye aliyemkamata, kwa kikombe, na tangu usiku huo hakutaja tena habari ya kumwondoa mjusi. Na kwa jirani tulipeleka chupa mbili. Alizipokea mlangoni.

Februari ilipofika tulijiona tumeshinda. Tulisahau chungu cha mchaichai. Tulikuwa tumeupanda wenyewe, tukauweka dirishani juu ya kipasha joto, tukiumwagilia kila siku kwa ajili ya chai. Asubuhi moja, wakati wa kukata majani, udongo ulitikisika. Vilikuwa vitoto vya nyenje, vidogo kuliko chungu wa sukari, vingi sana. Basi tulikifunga chungu kizima katika mfuko wa plastiki, mchaichai na yote, tukakitoa nje kwenye theluji. Nyenje wa aina hii hawastahimili baridi kali. Mchaichai nao haustahimili. Tulihuzunika zaidi kuliko tulivyotarajia, maana shina lile tulipewa na rafiki siku tulipohamia. Wiki tatu zilizofuata tuliendelea kutega na kufyonza kingo za sakafu kwa mashine ya vumbi, tukikamata kimoja kimoja.

Mwenye nyumba alikuja mwisho wa mwezi kama alivyosema, akamulika tochi nyuma ya friji, akasikiliza dakika kumi, akaondoka. Ruhusa ikabaki.

Siku hizi tunanunua nyenje 20, si 100, hata kama bei ya mmoja mmoja ni kubwa zaidi. Sanduku lao lina utepe laini wa plastiki kuzunguka ndani karibu na mdomo, ambao hawawezi kuupanda, na kuwahamisha hufanyika ndani ya beseni kubwa la kuogea, tundu likiwa limezibwa. Wasioliwa huondolewa usiku huo huo, kwa kuwa nyenje mwenye njaa humtafuna hata mjusi aliyelala. Siku nyingine mjusi hula funza wa unga, ambao hawarukiruki. Kuna waliotushauri mende wa Blaptica dubia, ambao hawapandi kioo safi wala hawalii. Baba watoto, aliyekulia Dar es Salaam, alisema hawezi kununua mende maisha yake yote, na hilo tulilifunga.

Katikati ya Machi jirani aligonga mlango. Mkononi alikuwa na chupa yetu ya jamu, ndani yake nyenje dume mmoja mzima, mfuniko umekazwa sana.

"Huyu ni wenu," alisema.

Kijana alimwuliza kama amewahi kupuliza dawa jikoni kwake. Akasema hapana, alingoja. Kijana akamshukuru kwa mikono miwili, akamtia nyenje katika mfuko, akaupeleka kwenye friza. Jirani akauliza kama anaweza kumwona huyo mjusi. Tulimwonyesha sinki la kunawia mikono, na tukamshika mtoto.