Ramani moja ya darasa, Pawaga na Mufindi

Tuzo ya Pritzker ndiyo heshima kubwa kuliko zote wanayopewa wasanifu majengo duniani. Ilianza kutolewa mwaka 1979. Ilikwenda Marekani, Japani, Brazili, China, India na Ulaya mara nyingi, lakini hakuna Mwafrika aliyeipata hadi mwaka 2022, ilipokwenda kwa Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso. Jengo lililompa jina si uwanja wa ndege wala mnara wa vioo. Ni shule ya msingi ya kijijini, ya udongo, yenye paa la bati.

Tumeona tulichambue jambo hili kwa sababu linatugusa sisi wa Iringa moja kwa moja. Karibu kila kijiji tunakosikika kina jengo la umma linaloendelea: darasa, zahanati, nyumba ya mwalimu, bweni. Na karibu kila kijiji kimechangia, ama fedha, ama mchanga na mawe, ama siku za kufyatua tofali. Swali letu leo ni dogo: kwa nini darasa la Pawaga na darasa la Mufindi yanafanana kama mapacha?

Kwanza tumalizie habari ya Gando. Kéré alizaliwa mwaka 1965. Kijijini kwao hakukuwa na shule, hivyo akiwa mtoto wa miaka saba alipelekwa mbali kusoma, akakaa katika darasa lenye joto kali na giza. Baadaye alijifunza useremala, akapata ufadhili wa kwenda Ujerumani, na huko akasomea usanifu majengo mjini Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha ili kijiji chao kipate shule. Ilikamilika mwaka 2001, na mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba wanakijiji walishangaa kusikia anataka kujenga kwa udongo. Walitarajia mtu aliyetoka Ulaya alete zege na vioo. Udongo walikuwa nao tayari, na kila msimu wa mvua walikuwa wanakarabati kuta zilizomomonyoka. Ilibidi awaonyeshe kwamba udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine unatoa tofali linalostahimili. Kisha wakajenga wote. Wanawake walitwanga sakafu kwa mikono, kama walivyozoea kufanya majumbani mwao.

Lakini ujanja mkubwa uko juu. Darasa lile lina dari ya tofali za udongo zilizoachiwa nafasi za kupitisha hewa. Juu ya dari, paa la bati limenyanyuliwa kwa kenchi za nondo za kawaida zilizochomelewa palepale, bila winchi. Jua linachoma bati, bati linapasha hewa iliyo kati yake na dari, hewa hiyo ya moto inatoka pembeni na kuvuta hewa ya chini ipande. Darasa linapoa bila umeme. Na mvua ikinyesha, dari nzito inameza sehemu kubwa ya kelele.

Hapo kwenye mvua tusimame kidogo. Mwalimu yeyote wa mkoa huu anajua kinachotokea mwezi wa pili saa nane mchana, mvua inapoangukia bati tupu lisilo na dari. Anaandika ubaoni na kunyamaza, maana hata akipiga kelele hasikiki. Vipindi vingi vinapotea hivyo kwa mwaka, na hatujawahi kuona taarifa yoyote ya ujenzi inayovihesabu.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zile tulizozizoea kwa jina la fedha za UVIKO. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache. Yalihitajika mno, na watoto wengi walioanza kidato cha kwanza mwaka uliofuata walipata pa kukaa kwa sababu hiyo. Baada ya hapo miradi mingine imeendelea kwa mtindo uleule: ramani ya mfano inatoka juu, fedha zinaingia, kamati ya kijiji inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapo hapo. Huo ndio utaratibu tunaouita fosi akaunti.

Ramani ya mfano ina sababu zake, na si sababu za kubeza. Ukiwa na darasa la aina moja unajua mapema ni mifuko mingapi ya saruji, ni bati ngapi, na mkaguzi akifika anajua anatafuta nini. Wizi unapungua. Kama kila kijiji kingechorewa ramani yake, madarasa 15,000 yangechukua miaka.

Tatizo ni kwamba hali ya hewa haikusaini mkataba huo. Mkoa wetu mmoja una nchi mbili ndani yake. Pawaga na Idodi ziko chini, upande wa Ruaha, joto na vumbi. Panda hadi Mufindi, kwenye chai na misitu, uko juu ya mita 1,800, na mwezi wa sita watoto wanaingia darasani wamejifunika mashuka. Darasa lenye madirisha mapana na bati tupu linawachoma wa Pawaga mchana na kuwagandisha wa Mufindi asubuhi. Ramani ileile inawakosea wote wawili, kila mmoja kwa namna yake.

Wazee wetu walilijua hili bila kwenda Berlin. Wahehe walijenga tembe: kuta nene za udongo na paa tambarare la udongo juu ya miti. Ukuta mnene unachelewa kupata moto mchana na unachelewa kupoa usiku, jambo linalofaa sana nchi kavu yenye mchana wa jua na usiku wa baridi. Ukitaka kuhisi tunachosema, nenda mjini Iringa kwenye Boma, jengo la mawe la Wajerumani la mwaka 1900 hivi, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ingia saa saba mchana kutoka juani. Utaelewa kazi ya ukuta mnene kabla hujaanza kusoma maelezo ya Mkwawa.

Hata hivyo hatutaki mtu aseme tunawarudisha watu kwenye tembe. Tembe lilikuwa na giza, moshi, paa linalovuja mvua ikizidi, na papasi waliojificha ardhini na kuleta homa. Watu waliolikimbia hawakuwa wajinga. Bati lilileta maji safi ya kukinga na usingizi usio na ndoo katikati ya chumba. Tunachosema ni kwamba tulipoliacha tembe tuliacha pia hesabu zake: upana wa ukuta, upande wa mlango, urefu wa paa. Tukabaki na neno moja tu, “nyumba ya kisasa”, likiwa na maana ya tofali la kuchoma, bati la rangi na madirisha ya alumini. Na tofali hilo la kuchoma linakula kuni. Kila tanuru linalowaka usiku kucha kule Kilolo au Ismani ni miti iliyokwenda. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehimiza kwa miaka mingi tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, zisizochomwa kabisa. Ni jamaa ya karibu ya tofali la Gando. Kwetu bado wengi wanaliona kama tofali la asiye na uwezo.

Huko nje mambo yamegeuka. Rwanda, mwaka 2011, ilifunguliwa Hospitali ya Butaro katika Wilaya ya Burera, iliyosanifiwa na MASS Design Group. Kuta zake ni za mawe ya volkano, yale ambayo wakulima walikuwa wakiyaona kero shambani. Mafundi wa palepale waliyachonga hadi yakashikana vizuri. Njia za kupita wagonjwa ziliwekwa nje ili watu wenye kifua kikuu wasibanane kwenye korido, na vitanda vinatazama dirishani. Bangladesh, katika kijiji cha Rudrapur, Mjerumani Anna Heringer alisanifu shule ya ghorofa moja: chini udongo uliokanyagwa na ng'ombe, juu mianzi mitupu. Nayo ilipata Tuzo ya Aga Khan, mwaka 2007. Sisi mianzi tunayo ya kutosha, ila kazi kubwa tuliyoipa ni kugema ulanzi. (Kazi hiyo hatuna nia ya kuiondoa.)

Na kuna mbao. Mufindi ina Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko yote nchini. Malori yanashuka nayo kila siku kwenda Dar es Salaam. Wakati huohuo Ulaya na Amerika wanajenga maghorofa marefu ya mbao, na Zanzibar mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa mnara wa ghorofa 28 kule Fumba, ambao sehemu yake kubwa ingekuwa mbao. Hapa Mafinga, mtu akijenga nyumba ya mbao majirani wanadhani ni kibanda cha muda.

Kwa wanaopenda kusoma, kuna kitabu kimoja cha Kiingereza tunachokipendekeza kuliko vingine: Architecture for the Poor cha Mmisri Hassan Fathy, kilichotoka kwa jina hilo mwaka 1973. Fathy alijenga kijiji kizima cha udongo, Gourna Mpya, karibu na Luxor, miaka ya 1940. Kilipendeza, na hadi leo wanafunzi wa usanifu wanakisoma. Ila watu waliotakiwa kuhamia humo walikataa, kwa sababu walikuwa wanahamishwa na serikali kutoka kwenye makaburi ya kale yaliyowapatia riziki. Wazee waliohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, nyumba zikapangwa kwa mstari kandokando ya barabara, watakielewa kitabu hicho haraka kuliko profesa. Jengo la udongo nalo linaweza kuwa amri kutoka juu.

Ndiyo maana kwetu fosi akaunti ni nafasi ambayo Fathy hakuwa nayo. Kamati ni ya kijiji, fundi ni wa kijiji, na risiti zinasomwa mkutanoni. Kilichobaki nje ya mkutano ni mchoro. Maoni yetu ni kwamba mkoa wenye Pawaga na Mufindi unastahili angalau ramani mbili za darasa, ya joto na ya baridi, zikiwa na gharama inayojulikana na ukaguzi uleule.

Wakati hilo likisubiriwa, yapo mambo ambayo ramani ya sasa haiyazuii. Tupo nyuzi kama 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo darasa likilazwa ili kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni halipigi madirishani. Kule baridi, madirisha ya vioo upande wa kaskazini yatapokea jua la mwezi wa sita, maana mwezi huo jua linapita upande huo. Kule joto, paa lirefushwe lifunike ukuta, na matundu ya hewa yaachwe juu chini ya kenchi. Dari iwekwe kote. Ikishindikana yote, ianze darasa la kwanza na la pili, ambako mtoto anajifunza kusoma kwa kusikia.

Mwelekeo wa jengo unaamuliwa siku ya kupima msingi, na dari inaamuliwa siku ya kuandika orodha ya vifaa. Mkutano wa kijiji ukilijadili kabla ya hapo na mtendaji akaliandika kwenye muhtasari, linakwenda kwa mhandisi wa halmashauri kama ombi la kijiji, na mbao za kenchi zikiwa bado hazijanunuliwa.