Mdukuzi Mstaafu Apunguze Sifa

Kuna kaka mmoja mjini, jina kapuni, siku hizi kila akishika maiki ni stori za enzi zake za udukuzi. Eti mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wakilipia intaneti kafe kwa saa na ukurasa ukifunguka kwa mwendo wa konokono, yeye ndiye alikuwa "mtaalamu". Vijana wanapiga makofi.

Utaalamu gani? Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anapachika kwenye kompyuta za kafe kijiprogramu cha kunasa kila herufi inayobonyezwa, jioni anarudi kuvuna nywila za watu. Na hicho kijiprogramu hakukiandika, alikishusha bure. Hapo akili iko wapi?

Anayochekesha nayo zaidi ni ile ya mama aliyetumiwa na mwanae wa Ulaya namba ya kuchukulia pesa kwa barua pepe. Mama anafika dirishani, hela ishaondoka. Ukumbi mzima kicheko. Huyo mama alirudi nyumbani na nini?

Kevin Mitnick wa Marekani alikamatwa 1995, akakaa ndani karibu miaka mitano, ndipo baadaye akageuka mlinzi wa mitandao ya makampuni. Alilipa kwanza. Wa kwetu hajalipa hata samahani, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilimkuta kashastaafu.

Wadau, huyo ni legendi au kibaka aliyejua kutumia kibodi?